Ramani Aliyoichora Nela

Nilianza kazi kwa Mama Nela mwaka wa tisini na nne, nikiwa na miaka ishirini, na sikwenda pale kutafuta kazi. Nilikwenda kuuza mayai. Nyumba yake iko Dabaso, kwenye njia ya kuteremkia mikoko ya Mida, na asubuhi hiyo alikuwa uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachora. Hakuinua kichwa. Aliniambia kwa Kiswahili cha kubabaisha nisimame papo hapo, kwamba kivuli changu kimeangukia mahali pazuri. Nikasimama na trei ya mayai kichwani mpaka shingo ikauma. Alipomaliza alinunua mayai yote, kisha akaniuliza kama najua kupika samaki wa nazi, maana amechoka kula mkate.

Jina lake hasa ni Ornella. Kwao ni Trieste, mji wa bandari huko Italia, ambako, kwa alivyonisimulia, kuna upepo wa baridi unaowaangusha watu wazima barabarani. Baba yake alikuwa karani bandarini. Bibi yake alidarizi vitambaa vya meza, na Nela alisema kila anachokijua kuhusu rangi alikipata miguuni pa bibi huyo, akimchambulia nyuzi, kabla hajakanyaga shule yoyote ya uchoraji. Alikuja Malindi mwaka wa themanini na nane na mumewe, mtu wa shughuli za hoteli. Baada ya miaka mitatu mume akarudi kwao na yeye akabaki. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba kule kwao kila alichotaka kuchora kilikuwa kimekwisha kuchorwa na watu waliomzidi, na hapa ndipo alipoona vitu ambavyo hakujua hata pa kuvianzia.

Wageni wa hotelini walitaka ndovu na jua linalozama. Yeye hakutaka. Miaka ya mwanzo alichora mizizi ya mikoko peke yake, maji yakipwa na maji yakijaa. Halafu akaingiwa na hamu ya leso. Alikuwa akinunua leso, anazichora mpaka azichoke, kisha ananipa mimi nivae. Baada ya leso ikawa mikeka. Alikaa miezi na wanawake wa Dabaso akijifunza kutia ukindu rangi, na vidole vyake vikawa vya zambarau, hata nikikuna nazi naye ananisaidia, tui linabadilika rangi. Kila hamu ilikuwa na daftari lake jeusi, na madaftari hayo aliyapanga kabatini kama vitabu vya dini. Nilipenda kumtazama. Sikuwahi kuona mtu mzima akijifunza kwa namna ile, bila haya.

Mwaka wa tisini na sita nilimpeleka kwetu.

Kwetu ni ng'ambo ya Kakuyuni, mji wa Wagiriama kama miji mingine, nyumba saba za udongo na makuti, mihindi, mihogo, na minazi ya baba yangu. Baba alikuwa mtu wa kanisa siku ya Krismasi, na siku nyingine alikuwa mtu wa baba zake. Pembeni, karibu na pale wazee walipokuwa wakikaa, palikuwa na kigango cha babu yangu Ngowa. Kwa asiyejua, kigango ni mti unaochongwa kwa ajili ya mzee mwenye heshima aliyefariki. Ukishasimamishwa haung'olewi, hata watu wakihama, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye anayekaa pale. Cha babu yangu kilikuwa na kichwa cha duara, na mwili wote umechongwa pembetatu ndogo ndogo, nyingine zimetiwa chokaa, nyingine nyeusi, na kiunoni kimefungwa vitambaa.

Nela alikitazama kwa muda mrefu kabla ya kutoa kalamu. Alimwomba baba ruhusa, na baba akammwagia babu tembo la mnazi kidogo chini, akamwambia kuna mgeni anataka kumwona. Kisha Nela akakaa chini akachora siku nzima. Tulirudi mara nne. Alichora kila pembetatu, akahesabu mistari, akaandika ni ipi imeliwa na mchwa na ipi mchongaji alikosea akairekebisha. Shangazi yangu Kahonzi, dada yake baba, alikuwa akimletea uji akicheka kwamba mzungu huyu anamtazama marehemu kuliko mjane wake alivyomtazama.

Tangu hapo picha za Nela zikabadilika. Mikoko ikapotea, leso zikapotea, zikabaki pembetatu. Alichora miji mizima kwa pembetatu, bahari, nyuso za watu. Mwaka uliofuata hoteli moja ya Malindi ilimfanyia maonyesho, na jina lake likatoka. Watu walikuja kutoka Nairobi, wengine kutoka kwao Italia. Mimi nilipitisha sahani za sambusa nikiwa nimevaa gauni alilonishonea. Mbele ya watu wote alisema kwamba babu yake Kabibi, yaani mimi, amemfundisha kuliko walimu wake wote. Nilitazama sakafu kwa haya, lakini moyoni nilijaa.

Miezi miwili baadaye kigango kikaibwa.

Shangazi Kahonzi ndiye aliyekuta shimo, asubuhi, akienda kuokota kuni. Palikuwa na alama za magurudumu na vitambaa vya kiunoni vimetupwa kwenye mihogo. Wazee walikaa baraza siku tatu. Wakati ule ilijulikana kwamba vigango vinauzwa Mombasa kwa wageni, na kwamba wanaoviuza mara nyingi ni vijana wa mji wenyewe. Macho yote yakaenda kwa Charo.

Charo ni mtoto wa baba yangu mdogo, amenizidi miaka miwili, tumelelewa chungu kimoja. Siku zile alikuwa akishinda ufuoni Malindi akiwauzia wageni vinyago, na mwezi huohuo alikuwa amekuja nyumbani na viatu vipya. Hayo tu yalitosha. Alikataa. Aliomba mwenyewe apewe kiapo cha shoka la moto, alilambe mbele ya watu, ulimi wake umshuhudie kwa kutoungua. Baba yangu akasema hakuna haja, kwa sababu mwizi anajulikana. Shangazi Kahonzi ndiye aliyemtupia nguo zake nje. Charo akaziokota moja moja, akazitia kwenye gunia, akaondoka.

Nami nilikuwepo. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeamini, au nilikuwa nimechagua kuamini, kwa sababu palikuwa na mtu mwingine mmoja tu aliyewahi kuleta mgeni kwenye kile kigango, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Niliporudi Dabaso nilimweleza Nela. Aliweka brashi chini, akaingia chumbani, akalala siku tatu na homa. Nilimkandakanda, nikampikia uji wa mchele. Nikadhani ni huruma.

Miaka ikaenda. Mama yake Charo alifariki mwaka wa elfu mbili na mbili, na Charo akaja mazishini, lakini hakuvuka njia. Alisimama barabarani, upande wa pili, mpaka mwili ukashushwa, halafu akageuka akaondoka. Watu walimwona, hakuna aliyemwita. Baba yangu naye akafariki, na kabla ya kufa alikuwa akiota babu anamwuliza kwa nini amemlaza kwenye baridi. Tulisikia Charo yuko Gongoni, kwenye mabwawa ya chumvi.

Kwa Nela nako mambo yalizorota. Wageni walipungua, hoteli iliyomfanyia maonyesho ikafungwa na popo wakahamia ndani. Rafiki zake Waitaliano walirudi kwao mmoja mmoja, au wakafa wakazikwa hapahapa. Aliendelea kuchora pembetatu, lakini nilikuwa nikimwona asubuhi amekaa mbele ya kanvasi tupu mpaka chai inapoa. Kisha macho yakashikwa na mtoto wa jicho. Akawa ananiuliza hii ni bluu au kijani, Kabibi, nami namjibu, na yeye anapaka nilivyosema. Nami nilikuwa nimechoka. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wameolewa na kuoa, magoti yananiuma kwenye ngazi zake. Tulikuwa tunazeeka pamoja kama ng'ombe wawili wa nira moja, hatuongei sana.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, mdogo wangu Chengo alikuja Dabaso. Chengo ni mwalimu Muyeye, mtu wa makaratasi, na siku hiyo alikuja na bahasha. Alimwamkia Nela shikamoo, akakaa, akaeleza. Kuna makumbusho fulani ng'ambo yenye vigango tisa vilivyotolewa zawadi na familia ya mtu aliyekufa. Sasa wanataka kuvirudisha, lakini hawajui ni vya nani. Wametuma picha, na kila familia inayodai lazima ilete ushahidi.

"Mimi nilikuwa na miaka minane kilipoibwa," Chengo alisema. "Sikumbuki vizuri. Shangazi Kahonzi anasema ni cha tatu, kesho yake anasema ni cha tano. Picha ya kupiga hatuna. Lakini dada ananiambia wewe mama ulikichora."

Nela alikuwa ameelekeza uso dirishani. "Nilikichora," alisema.

"Daftari lipo?"

"Lipo."

Nilikwenda kabatini mimi mwenyewe. Chengo akaweka picha za makumbusho mezani, akafungua daftari, akaanza kulinganisha kwa kidole. Haikuchukua muda. Picha ya tano, safu ya nne kutoka juu, kulikuwa na ile pembetatu mchongaji aliyoikosea akaichonga upya, na kando ya mchoro Nela alikuwa ameandika hivyohivyo, miaka ishirini na saba nyuma. Chengo alivua miwani akajifuta uso. Alimshukuru Nela mara nyingi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema mchoro pekee huenda usitoshe, kwa sababu watataka kujua kigango kilitokaje hapa kikafika kwa yule mtu, lakini huu ni mwanzo.

Chengo alipotoka, Nela hakumaliza chakula chake cha mchana.

Ilipita wiki. Alhamisi asubuhi nilikuwa naosha vyombo, akaniita barazani. Alikuwa ameshika bahasha ya zamani, ile ya ukingo wa bluu na nyekundu.

"Kaa, Kabibi."

"Nina mikono ya sabuni, mama."

"Kaa hivyohivyo."

Nikakaa. Akanipa ile bahasha. Ndani kulikuwa na barua ya Kiitaliano na picha moja. Kwenye picha kulikuwa na sebule yenye zulia na taa, na kando ya taa, kimesimamishwa kwenye kibao cha chuma, kigango cha babu yangu Ngowa, hakina kitambaa kiunoni. Kiitaliano changu ni cha jikoni na sokoni, kama cha watu wengi wa Malindi, lakini barua ilikuwa fupi. Mwandishi alimsalimu Nela, akamwambia kitu kile kinapendeza kuliko picha zake, akamshukuru kwa ramani. Iliandikwa mwaka wa tisini na tisa.

"Ramani gani?" niliuliza.

Aliniambia. Siku ya maonyesho ya hotelini, mtu mmoja kutoka kwao alisimama mbele ya picha zake kwa muda mrefu. Alimwuliza maswali mazuri, maswali ya mtu anayejua. Akamwuliza kigango chenyewe kiko wapi, angependa kukiona. Nela alikuwa na furaha siku ile, amekunywa divai, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeona alichokuwa akikitafuta. Akachukua karatasi ya kupangusia mdomo, akamchorea: barabara ya Kakuyuni, zahanati, njia ya kushoto baada ya minazi miwili iliyoinama, nyumba saba.

"Sikujua, Kabibi. Siku ile sikujua."

"Na kilipoibwa?"

"Nilishuku."

"Na hii ilipokuja?"

Macho yake yalikuwa na ukungu, nami sikuweza kujua yananitazama au yananipita. "Nilijua," alisema. "Nilijua, na nikanyamaza. Niliogopa watanifukuza nchini. Niliogopa utaondoka. Kisha siku zikapita, na kila siku iliyopita ikafanya iwe vigumu zaidi. Nikachora. Kila picha niliyochora baada ya hapo nilikuwa najua."

Nilisimama nikatundika aproni msumarini. Vyombo nikaviacha kwenye maji. Nilitembea mpaka nyumbani kwangu, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Sikulia. Nilikuwa namwona Charo akiokota nguo zake. Nilijaribu kumkasirikia Nela, na hasira ilikuja kweli, lakini kila ilipokuja ilinikuta mimi pia, nikiwa nimesimama uani kwetu nimefunga mdomo.

Siku ya sita nilirudi. Alikuwa kwenye kiti kilekile, na jikoni kulikuwa na makopo ya maharagwe yaliyofunguliwa vibaya. Sikumsalimu.

"Barua hii Chengo ataipata," nilimwambia. "Lakini kabla yake kuna mtu mwingine. Utakwenda kumwambia kwa mdomo wako."

"Sawa," alisema.

"Ni mbali, na ni jua."

"Sawa, Kabibi."

Tulipanda gari la Marereni pale Malindi, tukashuka Gongoni, bodaboda wawili wakatupeleka mpaka kwenye mabwawa. Mahali pale ni peupe mpaka macho mazima yanauma, sembuse ya Nela. Nilimshika kiwiko. Msimamizi akatuonyesha banda la kushonea magunia, na huko ndani, kwenye kivuli, mwanamume mwenye mvi alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia amevua viatu vya mpira, anajipaka mafuta miguuni. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilimjua kwa namna alivyoinamisha shingo.

"Kaka Charo," nilisema.

Alinitazama kitambo. "Kabibi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimemleta mtu ana neno lako."

Akatupisha tukae. Nela alisema yote. Alisema polepole, kwa Kiswahili ambacho kwa miaka ile kilikuwa kimenyooka, hakuacha kitu, wala hakujitetea kwa ile divai. Alitaja ramani, akataja barua na mwaka wake, hata mwalimu Chengo na makaratasi yake ya makumbusho. Charo alisikiliza huku akiendelea kusugua mafuta kwenye unyayo mmoja, uleule, bila kuhamia wa pili.

Nela aliponyamaza, Charo akauliza, "Barua ilikuja mwaka gani, umesema?"

"Tisini na tisa."

"Mama yangu alikufa elfu mbili na mbili."

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa na miaka mitatu ya kusema."

"Ndiyo," Nela alisema. "Nilikuwa nayo."

Nje watu walikuwa wakisukuma mikokoteni ya chumvi. Charo akavaa kiatu kimoja, akakitazama cha pili, akakiacha. "Mimi niliwahi kuwa na hasira sana," alisema. "Nilipokuwa kijana nilikuwa nalala nazo na naamka nazo. Kisha zikanichosha. Sasa unaniletea mtu wa kumkasirikia, na mimi sina nguvu hiyo tena." Akamwelekea. "Lakini usidhani huo ni msamaha, mama. Huo ni uchovu."

"Naelewa."

"Kamwambie shangazi Kahonzi. Wewe mwenyewe, asiende mwalimu Chengo na makaratasi. Mwambie aliyenitupia nguo."

Halafu akasimama, akatuchotea maji kwenye mtungi, kwa sababu tulikuwa wageni, akatupa kikombe kimoja tukanywa kwa zamu. Nilitaka kumwomba radhi. Nilianza, "Na mimi, kaka, siku ile," na yeye akasema, "Siku ile nilikuona," akachukua kikombe. Basi sikumaliza.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwetu. Chengo alikuwepo, na wazee watatu waliobaki. Kule Gongoni Nela alikuwa amemaliza kazi ngumu, au ndivyo tulivyodhani. Hatukufikiria masikio ya shangazi Kahonzi. Amepita miaka themanini na hasikii vizuri. Nela alisema maneno yake, shangazi akaweka mkono sikioni, akasema, "Nini?" Nela akarudia kwa sauti zaidi. "Nani alichora nini?" Ikabidi aseme mara ya tatu, karibu kwa kupiga kelele, mbele ya nyumba, kuku wakitawanyika, majirani wakitoka kwenye mihogo kusikiliza: mimi ndiye niliyemwonyesha mwizi njia, mimi ndiye niliyenyamaza, Charo hakuiba. Uso wake ulikuwa umetoka jasho. Sikumsogezea kiti mpaka alipomaliza.

Shangazi Kahonzi akashusha mkono kutoka sikioni. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu.

"Kwa hiyo si Charo," alisema hatimaye.

"Si Charo."

"Alitaka kulamba shoka," shangazi alisema. Hakuwa akisema nasi. "Mtoto alisema leteni shoka."

Wazee walimtoza Nela mbuzi na tembo la mnazi, faini ileile ambayo angetozwa mtu yeyote wa pale aliyemwonyesha mwizi njia. Mmoja wao alitaka zaidi kwa kuwa ni mzungu, lakini mwenzake akasema kosa ni la mtu, halina ngozi. Nela akalipa. Damu ikamwagwa shimoni, ingawa shimo lenyewe lilikuwa limejaa zamani na ilibidi Chengo akisie lilipokuwa.

Barua na mchoro vilikwenda makumbusho. Jina la mwandishi lilikuwa lilelile la yule mtu aliyekufa, ambaye familia yake ilitoa vigango, na baada ya miezi minne walijibu kwamba wamekubali, kigango ni chetu. Walituma barua nzuri yenye muhuri. Sasa ni mwaka wa pili. Kuna ruhusa inayosubiri ruhusa nyingine, kuna ofisi inayosema karatasi ziko ofisi jirani. Chengo anaandika kila mwezi. Mzee mmoja kati ya wale watatu ameshafariki akisubiri.

Nela alipasuliwa jicho moja na likapona. Alidhani akiona vizuri atarudi kuchora kwa nguvu, lakini sivyo ilivyokuwa. Siku aliyofunguliwa bandeji alizunguka nyumba nzima akizitazama picha zake ukutani, moja baada ya nyingine, kwa karibu, kisha akaniomba nimsaidie kuzigeuza zitazame ukuta. Kuna binti wa shangazi yake huko Trieste anayemwita arudi. Anasema atarudi, halafu hafungi mizigo. Mimi bado nafanya kazi pale, siku tatu kwa wiki. Nampikia, nafua, namsomea majina ya dawa. Zamani tulikuwa tunakula meza moja. Siku hizi napakua changu nakula jikoni, na yeye hajawahi kuniuliza sababu. Baadhi ya siku nasikia kijiko chake kule barazani kinagonga sahani polepole, nami natamani kwenda kukaa naye. Bado sijaenda.

Charo alikuja nyumbani mara moja. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, hakumwambia mtu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, mimi, shangazi Kahonzi na wajukuu, tukamwona amesimama barabarani, upande wa pili, palepale aliposimama siku ya mazishi ya mama yake. Hakuna aliyejua afanye nini. Shangazi alishika fimbo yake akainuka, akakataa kushikwa, akatembea mwenyewe mpaka njiani. Alichukua muda mrefu sana kufika. Hatukusikia alichomwambia. Tuliona tu ameshika mkono wa shati lake, si mkono wenyewe, shati, na kumvuta nalo kama mtu anayeongoza mbuzi, naye akavuka.

Alikula ugali na mchicha. Alikwenda kwenye kaburi la mama yake, akang'oa magugu kwa mkono, akakaa huko peke yake mpaka jua likapinda. Shangazi alimwekea maji ya moto na chumvi ya kulowekea miguu, na Charo kwa mara ya kwanza akacheka, akasema shangazi, chumvi ndiyo iliyonifanya hivi. Akamwaga ile chumvi, akaloweka miguu kwenye maji matupu.

Tulimtandikia kitanda katika nyumba ya baba yake. Alikitazama, akasema kesho ana zamu ya alfajiri. Nilimsindikiza. Tulipita mihogo, na pale barabarani bodaboda ilikuwa inamsubiri.

"Utakuja tena?" nilimwuliza.

"Sijui, Kabibi," alisema. "Ni mbali."

Akapanda. Nilirudi uani, nikachukua ungo, na mahindi yalikuwa bado mengi.